Mhariri, hiyo miaka 20 ni ya kindi yupi?

Mhariri, habari za kazi. Mi ni mwalimu wa bailojia sekondari huku Uyole, Mbeya, gazeti lenu nalisoma siku nyingi na huwa naanzia ukurasa wa watoto, maana mwanafunzi akija darasani na jambo alilolisoma mahali napenda niwe nimeshaliona. Sasa kuna kile kipande mlichotoa kwamba kindi huishi miaka 20, sentensi moja na picha ya kindi kashika karanga basi, hamna kindi wa wapi, hamna yuko porini au anafugwa, hamna umri wenyewe umejulikanaje. Naomba nafasi nilieleze hili kwa sababu hiyo sentensi imeshatembea sana huku kwetu na imeanza kufanya kazi ambayo nina uhakika nyie hamkuikusudia.

Nianze na haki yenu, hiyo 20 haikutoka hewani. Yule kindi wa kijivu wa Amerika Kaskazini, ambaye alipelekwa mpaka Uingereza akajaa huko, akifugwa akala vizuri na kutibiwa amewahi kuvuka miaka 20. Ila huyo ni kindi ambaye hajawahi kukimbizwa na mwewe wala kulala njaa, na hiyo ni rekodi. Ukienda kwa kindi wa kijivu aliyeko porini, akifika miaka 12 ameshawapita karibu wenzake wote, wengi wa wale waliobahatika kukua wanaishia kwenye 5 au 6. Yule mwekundu wa Ulaya ndo kabisa, porini akifika 6 au 7 huyo ni mzee, na akifugwa 10 ni nyingi. Na hapo naongelea waliokua, watoto bado sijawagusa, wakati kwenye umri wa kindi sehemu kubwa ya habari iko kwa watoto.

Huyo wa kijivu aliyefuatiliwa sana na wataalamu, katika kila watoto 4 wanaozaliwa kama 3 hivi hawafiki mwaka mmoja. Chukua daftari tufanye hesabu, watoto 4 wa kiota kimoja, 3 wanakufa wakiwa na miezi minne minne, hiyo jumla ni miezi 12, wa nne anapona anaishi miaka 6, jumla yao wote ni miaka 7, gawa kwa 4 unapata mwaka mmoja na miezi 9. Hapo ndo inapotoka ile tarakimu nyingine ambayo watu wakiikuta wanashangaa, kwamba wastani wa maisha ya kindi tangu kuzaliwa ni mwaka mmoja mpaka miwili. Angalia sasa, hakuna hata mmoja kati ya wale wanne aliyekufa na mwaka na miezi 9, watatu walikufa wadogo sana na mmoja akaenda mbali, wastani umekaa katikati mahali ambapo hakuna mtu. Kwa hiyo mtu akisema kindi anaishi mwaka na nusu, mwingine akasema 6, mwingine 12, nyie mkasema 20, wote wanaweza kuwa sahihi na wote wakabishana mpaka usiku, kwa sababu kila mmoja anajibu swali lake, huyu anajibu wastani tangu kuzaliwa, huyu anajibu aliyeshakua, huyu mzee kuliko wote porini, na nyie mmejibu aliyefugwa.

Wanachokufa nacho kinajulikana. Mtoto anapotoka kiotani na kuanza kujitafutia bado hajajua kukaa macho, mwewe na tai wanamchukua, nyoka anamfuata hadi ndani ya tundu, kanu, yule mnyama mdogo kama paka mwenye madoa, anapanda mti usiku, paka wa majumbani naye hayuko nyuma, halafu kule nchi za baridi kuna majira ya baridi ya kwanza ambayo chakula kikiwa haba mtoto asiye na akiba mwilini hafiki mwisho wake. Huku kwetu ongeza mbwa, manati za vijana, na moto wa kiangazi ule unaowashwa kusafisha shamba ukapanda mlimani. Moto naulaumu kuliko vyote maana kindi mkubwa atakimbia, mtoto wa kiotani atakimbilia wapi.

Sasa niseme kwanini nimeshika kalamu. Juzi juzi karibu na soko la Igawilo nilikuta kijana na mdogo wake wamesimama na boksi la viatu, ndani kuna mtoto wa kindi amelazwa kwenye kitambaa, wanamnywesha maziwa ya ng'ombe kwenye kizibo cha soda. Kijana akanisalimia, shikamoo madamu, nikaitikia, akaniambia madamu huyu ukimchukua utakaa naye miaka ishirini, imeandikwa hadi gazetini. Nikaomba nimshike. Nywele fupi laini zimeshaota mgongoni lakini tumbo bado liko wazi unaona ngozi, macho yamefumba kabisa, mkia mwembamba kama uzi hauna ule unyoya unaomtambulisha kindi, nikamfungua mdomo kwa kucha taratibu, meno mawili ya chini yameshachomoza, ya juu hamna kitu ni fizi tu.

Kwa mtu anayejua, hicho kitoto kilikuwa kimeshasema umri wake. Kindi wa kijivu huzaliwa hana nywele, mwekundu mwekundu, uzito kama gramu 15, haoni wala hasikii. Wiki ya pili nywele zinaanza kuonekana, kwenye wiki ya tatu meno ya chini yanatoka, masikio yanafunguka kati ya ya tatu na ya nne, macho yanafunguka ya nne mpaka ya tano, meno ya juu yanafuata hapo hapo au mbele kidogo, na kuacha kunyonya ni wiki ya nane kwenda ya kumi. Kwa kipimo hicho yule wa Igawilo alikuwa na kama wiki tatu na kidogo. Ni kweli kipimo ni cha kindi wa Marekani na aina na aina haziendi sawa kwa siku, ila mpangilio wenyewe, nywele kwanza, meno ya chini, masikio, macho, unakuonyesha wazi kama mtoto ni wa kunyonya au ameshaanza kutafuna. Na wa kunyonya ukimpa maziwa ya ng'ombe anaharisha, akiharisha na mwili ule wa gramu chache haendi mbali. Hiyo ndo miaka ishirini aliyokuwa anaiuza yule kijana. Nikamwambia mwanangu, mrudishe chini ya ule ule mti mliomtoa, mkae mbali, maana mama kindi akimkuta mtoto ameanguka humbeba kwa mdomo akampeleka kiota kingine, huwa wana viota zaidi ya kimoja. Na nikamwambia pia kwamba kuweka mnyamapori nyumbani bila kibali sheria ya wanyamapori ya 2009 haikubali. Hakubisha, walifunga boksi wakaondoka wote wawili.

Kwa mtoto basi umri ni rahisi. Ugumu unaanza akishakua, na huku ndo maneno ya mtaani yanapopotea njia. Huku utasikia kindi mwenye meno marefu ya njano ni mzee. Sio kweli, meno ya mbele ya kindi yanakua maisha yake yote na anayapunguza kwa kutafuna, kwa hiyo urefu wake unakuambia anakula nini na kama taya limekaa sawa, umri haumo. Wengine wanaangalia rangi, wanasema akishakuwa mwekundu sana au mweupe mweupe mdomoni amezeeka, nayo hapana, kindi hubadilisha manyoya, yule wa kijivu anabadilisha ya mwili mara mbili kwa mwaka, na kila aina ina rangi zake.

Wataalamu wakimshika kindi mzima kwenye mtego wanaangalia vitu vingine kabisa. Wanapindua mkia waangalie upande wa chini, kwa mtoto wa mwaka huo unauona mstari wa mfupa kwa sababu zile nywele fupi zinazolala juu ya mfupa bado hazijaota, kwa mkubwa zimefunika hauoni kitu. Wanaangalia chuchu za jike, kama ni ndogo zimejificha kwenye manyoya hajawahi kunyonyesha, kama ni kubwa na zimepata weusi ameshazaa. Dume wanaangalia korodani, ngozi yake na ukubwa. Wanapima uzito. Kukiwa na mashine ya eksirei wanapiga picha mkono wa mbele, maana mfupa unaokua una gegedu, ile sehemu laini ambayo bado haijawa mfupa, karibu na ncha na kwenye picha inaonekana kama nafasi, ikishaziba mfupa umemaliza kukua. Vyote hivyo vinakupa kitu kimoja, huyu ni wa mwaka huu, huyu ni kijana, huyu ni mkubwa. Mkubwa wa miaka 2 na mkubwa wa miaka 6 ukiwashika mkononi wanafanana, na mtu anayekuambia kwa kumwangalia tu mtini kwamba huyu kindi ana miaka 9 anakuambia cha kwake.

Ili upate miaka kwa hesabu lazima awe amekufa, au uwe umemjua tangu utoto. Kwa aliyekufa kuna njia mbili ambazo mi nazipenda kuwafundisha wanafunzi japo maabara yetu haiwezi kuzifanya. Ya kwanza ni lenzi ya jicho. Lenzi inaongeza tabaka maisha yote na haimwagi seli za zamani, kwa hiyo inazidi kuwa nzito kadiri mnyama anavyoishi. Wanaitoa wanaiweka kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhi visioze, kisha wanaikausha kwenye oveni mpaka uzito usipungue tena halafu wanaipima kwa mizani ya miligramu. Inasaidia vizuri kwa wadogo kwa sababu mwanzoni inaongezeka haraka, baadaye inaenda polepole mno kiasi kwamba wa miaka 4 na wa miaka 5 wanaingiliana.

Ya pili ni jino, na hii ndo inayoaminika zaidi kwa wakubwa. Sio jino la mbele, gego. Magego ya kindi yana mizizi na hayakui tena, lakini mzizi unafunikwa na tabaka gumu ambalo linaongezwa kidogo kidogo kila mwaka, wakati wa neema linaongezeka kwa upana, wakati wa dhiki linabana na kuacha mstari mweusi. Wanang'oa jino, wanalilainisha kwa tindikali, wanalikata vipande vyembamba sana, wanatia rangi na kuliweka kwenye hadubini, halafu wanahesabu mistari kama mtu anavyohesabu pete kwenye kisiki cha msindano. Kwa kindi wa kijivu njia hii imetumika tangu miaka ya 1970. Inafanya kazi vizuri zaidi kule ambako majira yamepishana sana, baridi kali inayokata chakula inaacha mstari ulionyooka, na ndo maana karibu tarakimu zote za umri wa kindi mnazozikuta zimetoka Ulaya na Amerika Kaskazini. Sisi kiangazi chetu na masika yetu ni jambo lingine, na kuchukua mstari wa kule ukaupachika huku moja kwa moja sio sawa.

Njia ya kumjua tangu utoto ndo ngumu kwa jasho lakini ndo ya uhakika. Unamtega akiwa mdogo, unamvalisha hereni sikioni yenye namba, kama zile za mifugo ila ndogo sana, au unamwekea chipu chini ya ngozi, unamwachia, unamtega tena mwaka unaofuata na unaofuata. Ukimkamata mara ya kwanza akiwa ameshakua unapata umri wa chini tu, kwamba ana angalau miaka kadhaa. Na akipotea kwenye mitego haujui amekufa au amehama, maana vijana wa kindi huhama sana kutafuta pao.

Mfano mzuri wa umri usio na ubishi uko hapa hapa Tanzania japo sio kindi. Magawa, yule panya buku aliyezaliwa Morogoro pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mwaka 2013, akafundishwa na APOPO, shirika linalofundisha panya, kunusa mabomu ya ardhini, akafanya kazi Kambodia, mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu Uingereza, alikufa Januari 2022 akiwa na miaka 8. Hakuna aliyehitaji kumng'oa jino, kuzaliwa kwake kuliandikwa. Wanyama wa kufugwa karibu wote ndo tunavyojua umri wao hivyo, na ndo maana rekodi ndefu zote ni za wa kufugwa. Mkiliona hilo mtaelewa kwanini naomba muandike kila mara, huyu alifugwa.

Niongeze la shambani maana barua yangu isiishie darasani. Mjomba wangu ana miti ya makadamia, zile njugu zenye ganda gumu, upande wa Tukuyu, na yeye ni shahidi mkubwa wa miaka 20. Anasema mwanangu, kindi wa mti ule namjua tangu hujaolewa, ni yule yule, tawi lile lile, nimemtegea hafi. Nimemweleza mjomba na naomba wakulima wengine wasikie, sio yule yule. Kindi mwenye mti mzuri akifa nafasi yake haikai wazi, wale vijana niliosema wanahama kutafuta pao ndo wanaingia, na wanapita matawi yale yale kwa sababu njia nzuri ya kufikia tunda ni ile ile. Unaona kindi mmoja wa miaka mingi, kumbe wamepokezana. Ndo maana kuua mmoja mmoja hakumalizi kitu, unafungua nafasi kwa mwingine. Kinachosaidia ni kuviringisha bati laini kwenye shina juu ya kimo cha mtu na kukata matawi yanayogusana na miti ya jirani, na kuokota makadamia zilizoanguka mapema zisilale chini. Mjomba ameshaanza na ile miti ya pembeni.

Wanafunzi huniuliza, kama kindi ni wa jamii ya panya, kwanini aishi kuliko panya? Panya wa nyumbani akiwa huru mwaka ni shida kuumaliza, akifugwa miaka miwili mitatu basi. Kindi ana mti. Wanyama wanaoishi juu ya miti huishi zaidi kuliko wa ukubwa ule ule wanaoishi chini, kwa sababu wanaowala wanawafikia kwa shida, na mnyama asiyeuawa mapema mwili wake kwa vizazi na vizazi unajengwa kudumu. Wanaojificha ardhini nao hivyo hivyo, wale fuko wasio na manyoya wa Kenya, Ethiopia na Somalia wamevuka miaka 30, na ni wadogo kuliko kindi. Hawa fuko wetu wanaokula viazi huku milima ya Uporoto ni aina nyingine msije mkawapa 30 kwenye toleo lijalo, nawaomba sana.

Na kindi wa huku nao msiwasahau. Kwenye misitu ya milima yetu ya kusini magharibi na kaskazini mwa Malawi kuna kindi mwekundu mwenye weusi mgongoni, mzuri sana, alielezwa kisayansi mwaka 1897, kwenye miombo ya chini kuna wengine wa rangi ya udongo, na wote hawa picha zao sijawahi kuziona kwenye ukurasa wa watoto, ni yule wa kijivu wa kigeni na karanga yake. Mlima Rungwe ndo alikopatikana kipunji, kima ambaye wanasayansi walimwona mara ya kwanza 2003 na kumtangaza 2005 wakati wawindaji wa Kinyakyusa walishakuwa na jina lake. Watoto wa huku wana macho. Wakipewa la kuangalia, kiota kiko mti gani, watoto wametoka lini, mvua imeanza au bado, wakaandika tarehe kwenye daftari mwaka hadi mwaka, tutakuwa na tarehe za kindi wetu wenyewe. Nimeshaanza na kidato cha pili, wanaandika wanachokiona kwenye ile miparachichi nyuma ya madarasa.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Mkiandika umri wa mnyama wekeni tarakimu mbili, ya porini na ya kufugwa, na mtaje ni mnyama wa aina gani na wa nchi gani. Kwa hili la kindi naomba marekebisho yatoke kwenye ukurasa ule ule wa watoto na kwa herufi za ukubwa ule ule, maana yule kijana wa Igawilo na wenzake hawasomi barua za wasomaji.

Ndaga fijo, yaani asanteni sana kwa Kinyakyusa.

Mwalimu wa Bailojia,
Uyole, Mbeya